Timu ni ya Nani? Mashabiki Wanapojitenga

Liko swali moja dogo ambalo watu wa mpira hulikwepa, nalo ni hili: timu ni ya nani? Mchezaji hupata mshahara wake, akipata bora zaidi kwingine huenda. Mwalimu wa timu hufukuzwa akaja mwengine. Mfadhili huweka jina la biashara yake kifuani mwa wachezaji, na siku biashara ikilegea hulitoa. Abakiye ni shabiki. Yeye hulipa kiingilio, hukauka koo kwa kupiga kelele, na akirudi nyumbani jioni mkewe humjua kwa uso tu kama leo wameshinda au wamefungwa. Tena husema "tumefungwa", hasemi "wamefungwa". Ameingia mwenyewe ndani ya neno hilo. Lakini siku timu inapobadilishwa jina, au kuhamishwa mji, au kuuzwa kwa tajiri, huyo mwenye "tumefungwa" haitwi hata kikaoni.

Hapo ndipo baadhi ya mashabiki, wakishachoka, husema: basi, tunatoka, tunaunda yetu. Leo nataka tulipime neno hili la kutoka, kwani nimelisikia likisemwa mahali ambapo sisi wa pwani hatukuzoea kupafikiria tuzungumzapo habari za kandanda, yaani Meru na Embu.

Miji hiyo haikukosa viwanja. Meru kuna Kinoru, uwanja uliotengenezwa upya ili upokee mechi za mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani ya mwaka 2018. Mashindano yenyewe Kenya ilinyang'anywa mwezi Septemba 2017, yakapelekwa Moroko. Kisha yalipokuja Afrika Mashariki mwezi Agosti 2025, mechi za Kenya zilichezwa Nairobi. Kinoru ikapata sherehe ya Madaraka ya 2018. Embu nako uwanja wa Moi ulipambwa kwa Madaraka ya 2023. Marais wamekanyaga majani yale na majeshi yamepita kwa gwaride. Lakini ukiuliza vijana wapenda mpira wa pale, jezi walizovaa ni za Arsenal, Manchester United, Gor Mahia na AFC Leopards. Viwanja wanavyo, na mapenzi wanayo tele. Mapenzi yenyewe yamewekwa rehani kwa watu wa mbali.

Huko Meru, mtaa wa Majengo, ambako mtu wa pwani hapotei maana Kiswahili kinamlaki na sauti ya adhana anaisikia, niliketi na vijana waliokuwa wakibishana juu ya jambo hili hili. Mmoja alisema, "Tuziache hizi timu za watu, tuwe na yetu." Mwenzake aliyemzidi umri kidogo akamjibu, "Zetu tumezizika nyingi, ndugu yangu. Kila uchaguzi huja na timu, na uchaguzi ukipita timu hung'olewa pamoja na mabango." Wote tukacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake. Kwani kijana yule alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe: timu iliyozaliwa na mkono wa mtu mmoja hufa mkono ule unapokunjwa.

Pengine wako watakaosema kwamba habari ya mashabiki kujitenga ni mtindo wa Wazungu, umetufikia jana. Sivyo. Ni jambo la nyumbani. Yanga ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka wa pili yake tu watu wakagawanyika. Waliotoka wakaunda timu ambayo baada ya majina kadhaa ilijulikana kama Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Kwa hivyo ule utani mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki, unaowafanya ndugu wa tumbo moja wasile pamoja siku ya mechi, asili yake ni talaka. Katikati ya miaka ya 70 Yanga ikapasuka tena. Wachezaji wengi wenye sifa wakaondoka, na watu wao nyuma yao, ikazaliwa Pan African.

Huku Kenya, mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa ikapatikana Gor Mahia. Lakini haukupita muda mrefu jina la Luo Union likafufuka, zikawa timu mbili, na wala haikuwa timu ya kuchezewa: ilichukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na tena 1977.

Basi tutazame mwisho wa hao waliotoka. Simba iliishi ikawa kubwa. Pan African iliondoka na miguu bora ya Yanga, na mwaka 1982 ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Ungedhani imekwisha kumeza mama yake. Wapi! Yanga ilibaki na jina, na jengo lake la Jangwani, na umati wake, ikainuka tena. Pan African imekaa miaka mingi nje ya ligi kuu, na vijana wengi wa leo huisikia kwa wazee tu. Miguu ya wachezaji huzeeka, na waliofuata miguu wakabaki bila cha kufuata.

Luo Union nayo ilikutana na mkono wa serikali. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilitaka vyama vya kikabila vivunjwe, na majina ya timu yakaguswa. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor Mahia ikajikuta kwa muda inaitwa Gulf Olympic Rangers. Mwaka huo huo ndipo kilipozimwa GEMA, chama kikubwa cha Wagikuyu, Waembu na Wameru kilichoundwa mwaka 1971. Ajabu ni kwamba amri moja ilipita juu ya wote, lakini mashabiki wa Gor na wa Leopards waliendelea kujaza uwanja chini ya majina mapya, na jina la Gor Mahia likarudi. Jina lilifutwa kwenye karatasi, halikufutwa vinywani mwa watu. Hilo ni funzo la kwanza: penye umati unaojihesabu kuwa ndio wenye mali, hata amri haiui timu.

Sasa tuvuke bahari tuone na wengine. London kulikuwa na klabu ikiitwa Wimbledon. Mwaka 2002 wenye klabu waliruhusiwa kuihamishia mji wa Milton Keynes, mwendo wa zaidi ya kilomita themanini. Mashabiki hawakukubali. Katika muda wa wiki chache waliunda timu yao, AFC Wimbledon, wakatafuta wachezaji kwa kuwafanyia majaribio uwanjani hadharani, kila mwenye kujiona anaweza aje. Wakaanza chini kabisa, daraja la tisa. Mwaka 2011 walipanda wakaingia katika madaraja manne ya juu ya Uingereza, na Novemba 2020 wakarudi kucheza mtaa wa Plough Lane, karibu na palipokuwa kwao. Manchester nako, mwaka 2005, familia ya Glazer ya Marekani ilipoinunua Manchester United kwa fedha nyingi za mkopo, baadhi ya mashabiki walitoka wakaunda FC United of Manchester. Kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa kidogo au kingi. Mwaka 2015 wakafungua uwanja wao wenyewe.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Huko FC United, mwaka mmoja tu baada ya kufungua uwanja, kulizuka ugomvi mkubwa baina ya wanachama na viongozi wao, na viongozi wakaondoka. Wale waliokimbia ubwana wa tajiri walikutana na matata ya kuongozana wenyewe kwa wenyewe. Tofauti ni kwamba ugomvi wao ulikuwa na mahali pa kuamuliwa: mkutano na kura. Haukuhitaji timu ya tatu kuzaliwa.

Hapo, nionavyo mimi, ndipo penye siri yote. Hasira huweza kuzaa timu kwa siku moja, ila haiwezi kuilea. Kinacholea ni vitu vitatu visivyo na nderemo: daftari la wanachama na ada zao, hesabu inayosomwa mbele ya watu, na kura ambayo maskini na tajiri wako sawa. Waliotoka na vitu hivyo waliishi. Waliotoka na mastaa tu, mastaa walipochoka wakachoka nao.

Na katika vitu hivyo vitatu watu wa Meru na Embu hawahitaji mwalimu kutoka Manchester. Wao ni wakulima wa chai, na viwanda vya chai kama Imenti huko Meru na Rukuriri na Mungania huko Embu ni kampuni ambazo wenye hisa ni wakulima wenyewe. Mwaka 2021 mabishano makubwa ya wakulima wa chai yalikuwa hasa juu ya swali hili: katika kuchagua wakurugenzi, kura ihesabiwe kwa hisa au kwa kichwa cha mtu? Mashabiki wa Uingereza wanalijadili vivyo hivyo. Mzee wa Runyenjes mwenye mashina yake machache ya chai amekwisha kulifikiri kuliko wengi wanaoongoza mpira wetu.

Ubaya wa kujitenga nao wanaujua. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 kulegeza mkono wa serikali, vyama vingi vikubwa vya kahawa kuuzunguka Mlima Kenya vilivunjika vipande vipande, kila kiwanda kikataka kuwa chama. Vingine vilipata nafuu kwa kuondokana na viongozi wala rushwa. Vingine vilijikuta ni vidogo mno, madeni ya chama cha zamani yamewafuata na nguvu ya kujadiliana bei imewatoka. Mkulima aliyeyapitia hayo ukimwambia "tutoke", atakuuliza kwanza: tutoke na nini, na deni litabaki kwa nani? Laiti mashabiki wa mpira nao wangeuliza hivyo.

Atatokea mtu aniambie kwamba mpira wa leo wataka fedha, na ada ya shabiki wa Chuka au Siakago haitamlipa hata mlinda mlango. Ni kweli, na sikatai mwenye mali kusaidia. Lakini kusaidia ni kimoja na kumiliki ni kingine. Tanzania wamejaribu njia ya kati: wanachama wa Simba waliukubali mfumo wa hisa, wanachama wabaki na sehemu 51 kwa mia na mwekezaji apate 49. Mabishano juu ya mfumo huo hayakwisha siku ile, lakini walau neno "wanachama" limeandikwa katika hesabu.

Sisi wa pwani tunalo neno letu la kulielewa jambo hili, nalo ni wakfu. Mtu hujenga kisima au kisha akawakfu shamba kwa msikiti. Tangu siku hiyo haliuzwi, halirithiwi, na mwenye kulisimamia ni mwangalizi tu, mali si yake. Sisemi kandanda ni ibada. Nasema fikira yenyewe yatufaa: timu ishikwe kama amana, kiongozi ajue kwamba ameikuta na ataiacha. Mombasa tulikuwa na Feisal iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, tukawa na Liverpool ambayo baadaye iliitwa Mwenge. Wazee walituhadithia mechi zao mpaka tukadhani tulikuwapo. Leo hadithi ndiyo tuliyobaki nayo. Kwa hiyo ninapowaambia ndugu zetu wa mlimani wajihadhari, siwasemi wao peke yao.

Basi kwa vijana wale wa Majengo, jawabu langu ni hili. Kama timu mliyo nayo ina mlango wa mwanachama, ingieni kwanza, lipeni ada, daini hesabu isomwe. Mlango ukifungwa usoni penu, hapo kutoka si fitina, ni haki yenu. Lakini mtokapo, kabla ya kutafuta mshambuliaji, tafuteni katibu ajuaye kuandika na mweka hazina asiyeogopa kuulizwa. Isajilini timu kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavyotaka, na katika katiba yake andikeni kwamba haiuzwi bila kura ya wanachama. Na mwanasiasa akija na mipira na jezi, mshukuruni, mpeni kiti cha mgeni, wala msimpe ufunguo.

Nimeyafunga hayo katika ubeti mmoja, kwa ajili ya wale wasiopenda maneno marefu:

Mtaka timu hodari, hesabu zionekane,
Penye neno la shauri, watu na wasikizane,
Hasira haina kheri, huwafanya watengane,
Kutengana si fahari, fahari ni tujengane.

Viwanja vya Kinoru na Embu vipo, vimekwisha kujengwa kwa fedha ya umma. Kilichosalia ni timu ambayo mtu wa pale akisema "tumefungwa", katibu aweze kufungua daftari na kumwonyesha jina lake.