Kamera Ndani ya Gari Iwe Mwalimu, Isiwe Kioo

Yapo mambo ambayo sisi walimu tumezoea kuyaita upuuzi wa vijana hata kabla hatujayatazama. Mojawapo ni mtindo wa vijana wa Nairobi kufunga kamera ndani ya magari yao na kujipiga filamu wanapozunguka uwanja wa mbio. Hawa si madereva wa kulipwa. Ni makarani, mafundi na wanafunzi wa vyuo ambao mwishoni mwa juma hulipeleka uwanjani gari lilelile linalowafikisha kazini Jumatatu, wakalipa ada, wakavaa helmeti, wakazunguka. Waliopata kufika Jamhuri Park, kando ya Ngong Road, siku za mbio za autokrosi, wanaijua ile vumbi na ule mlio.

Nadiriki kusema kwamba filamu hizo ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia vilivyowahi kutengenezwa mtaani. Kwa bahati mbaya, aghalabu huharibiwa na walewale wanaozitengeneza, nasi walimu tunatazama kando kana kwamba hayatuhusu.

Chukua kishikizo chenyewe cha kamera, au stendi kama mafundi waiitavyo. Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha chake, alichochomelewa na fundi wa jua kali mtaani Satellite, huko karibu na Kawangware. Kilikuwa kipande cha bomba la chuma la mraba, urefu wa sentimita 60 hivi, kilichobanwa kwenye nguzo za vitegemeo vya kichwa vya viti viwili vya mbele. Vibano vyenyewe vilikuwa vile vya kufungia bomba la moshi. Chini ya kila kibano palizungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili chuma kisiteleze. Katikati ya bomba ilisimama bolti fupi ya kushika kamera, na hapo ndipo nilipomvulia kofia yule fundi ambaye sijawahi kumwona. Tundu la chini la kamera nyingi lina uzi wa robo inchi, wenye mizunguko 20 kwa kila inchi. Bolti ya milimita 6, ambayo ndiyo iliyojaa katika mikebe ya mafundi wetu, hukaribia kuingia. Huanza vizuri, kisha hula uzi wa kamera na kuuharibu. Fundi alimrudisha kijana huyo mara mbili dukani hadi akapata bolti iliyo sawa. Ni nani aliyemfundisha fundi huyo tofauti ya vipimo vya Kiingereza na vya metriki? Kazi yenyewe. Nasi tunao darasani vijana waliopita mtihani wa vipimo ambao hawajapata kushika spana.

Kwa nini nguzo za viti, si kioo cha mbele? Wengi hununua vile vikombe vya mpira vinavyojinata kwenye kioo kwa kuondoa hewa ndani yake. Lakini kikombe hakijinati chenyewe. Hewa ya nje ndiyo inayokikandamiza. Mombasa, penye usawa wa bahari, hewa hiyo ina nguvu zake kamili. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni kiasi cha asilimia 81 tu ya ule wa pwani. Kwa hivyo kikombe kilekile kilichoandikwa kiwandani kuwa hubeba kilo fulani, huku kwetu kimepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla hata vumbi na jua havijaongeza madhara yao. Mwalimu wa fizikia akitaka mfano wa mgandamizo wa hewa ambao mwanafunzi hatausahau, huu hapa, na hauhitaji maabara.

Halafu kuna hatari, ambayo wapenzi wa mchezo huu huipita haraka mno. Tuchukue kamera pamoja na sanduku lake, jumla ya nusu kilo. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni takriban mita 17 kwa sekunde. Gari likigonga ukingo na kusimama ghafula, kamera ambayo haikufungwa vyema huendelea na safari yake kwa mwendo uleule. Ni sawa na kuiangusha kutoka urefu wa mita 14, yaani orofa ya nne hivi, ikilenga kisogo cha dereva. Ndiyo maana kishikizo cha bolti pekee hakitoshi. Sharti pawe na kamba ya pili, fupi, iliyofungwa kwenye kamera yenyewe na kwenye sehemu ya gari isiyong'oka, ili kishikizo kikisaliti, kamera ining'inie badala ya kuruka. Na kamera isifungwe juu ya helmeti. Helmeti iliundwa iteleze inapogusana na kitu; ukiipachika pembe, umeipa kitu cha kunasia, na shingo ndiyo italipa.

Umbo la kishikizo ndilo linaloamua ukweli wa picha pia. Kihisi cha kamera hizi ndogo aghalabu hakisomi picha nzima kwa mara moja; husoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Kamera ikitikisika wakati huo, mlingoti ulionyooka huonekana umepinda kama mkia wa mjusi. Mkono mrefu wa chuma mwembamba huzidisha mtikisiko. Mkono mfupi na mnene huupunguza. Ndipo utakapoona kijana aliyetumia pesa nyingi kununua kamera ya fahari akipata picha ya uji, na mwenziwe mwenye kamera kuukuu na bomba la Satellite akipata picha unayoweza kuisoma.

Nasema kuisoma kwa makusudi. Filamu ya mzunguko ni matini. Kamera ikiwekwa katikati ya viti viwili, ikatazama mbele, huonyesha mikono juu ya usukani, lami au vumbi, na kona inayokuja. Kamera ya picha 30 kwa sekunde humwezesha mtu kupima muda wa mzunguko bila saa ya mashindano: hesabu picha tangu gari linapopita alama hadi linapoirudia, ugawe kwa 30. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa husogea sentimita 67 kati ya picha moja na inayofuata. Ukiweka mizunguko miwili ya dereva mmoja sambamba, utaona alipokanyaga breki mapema, alipogeuza usukani mara mbili mahali pa mara moja, na jinsi kosa la kona moja linavyolipiwa katika barabara yote iliyonyooka inayofuata. Dereva mwenyewe hajui alifanya hayo. Atakuapia kwamba hakufanya. Picha inamkatalia.

Lakini tazama zinavyofanyiwa filamu hizi baadaye. Mwenye gari huondoa mlio wa injini akatia muziki wa kupasua masikio. Huikata mizunguko aliyokosea. Wengine huharakisha picha ili kilomita 60 zionekane 120. Kilichobaki ni kioo cha kujitazamia.

Udanganyifu huu una asili yake. Mwaka 1976 Mfaransa Claude Lelouch alifunga kamera mbele ya gari na kukatiza jiji la Paris alfajiri, kwa kasi, akipita taa nyekundu, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili yake. Filamu hiyo ya dakika nane hivi imesifiwa miaka mingi na wapenzi wa magari. Mlio unaosikika ndani yake ni wa Ferrari. Gari lililopiga picha lilikuwa Mercedes. Sauti ilibandikwa baadaye, kama alivyokuja kukiri Lelouch mwenyewe. Kwa hiyo kazi inayotukuzwa kuwa kilele cha ukweli wa mwendo ina uongo masikioni, na ilihatarisha maisha ya watu waliokuwa wakivuka barabara kwenda kazini.

Sisi hapa tunaye Lelouch katika kila mtaa. Usiku, katika barabara za kando ya mji, wapo wanaofunga kamera wakashindana kati ya matatu na watembea kwa miguu, kisha wakaitangaza picha hiyo kwenye mitandao ya kijamii kana kwamba ni cheti. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inaharamisha uendeshaji wa hatari, na filamu ya namna hiyo ni ushahidi ambao mshtakiwa amejitayarishia mwenyewe. Sina huruma nao. Walakini nawauliza wenye mamlaka ya jiji: kijana wa Satellite au wa Riruta anayetaka kujua gari lake linafanya nini linapofikia kikomo chake, aende wapi? Afrika Kusini wana Kyalami. Nairobi haina uwanja wa lami wa namna hiyo kwa magari ya kawaida. Tunategemea kuazima viwanja vya maonyesho na vipande vya barabara vilivyofungwa kwa siku moja. Kila siku moja ya namna hiyo inapoongezwa, barabara ya usiku hupoteza baadhi ya wateja wake.

Nimefika sasa penye taaluma yangu. Mwaka 1979, katika mashindano ya Bathurst nchini Australia, kituo kimoja cha televisheni cha Sydney kilifunga kamera ndani ya Toyota Celica ya dereva Peter Williamson, naye akawa anazungumza na watazamaji huku akiendesha. Watu walielewa kwa mara ya kwanza kazi inayofanyika ndani ya gari kwa sababu mtendaji aliisema alipokuwa akiitenda. Sisi tuliokulia miaka ya mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953, tulizoea picha za helikopta: mkia wa vumbi, na gari kama mdudu mbele yake. Ian Duncan aliposhinda mwaka 1994 tulishangilia vumbi. Mikono yake hatukuiona.

Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, tukawasikia madereva kutoka ndani ya magari. Sébastien Ogier, mshindi wa mwaka huo, alisomewa maelezo ya barabara kwa Kifaransa. Kalle Rovanperä, aliyeshinda mwaka 2022 na 2024, alisomewa kwa Kifini, lugha ya watu wasiozidi milioni sita. Hakuna aliyemwambia Mfini kwamba lugha yake haiwezi kubeba kona ya Naivasha. Kijana wetu naye, akiwa peke yake na kamera yake, katika nchi yenye lugha inayosemwa kutoka Lamu hadi Kisangani, hubana pua na kuhadithia mzunguko wake kwa Kiingereza cha televisheni. Ukimwuliza sababu, atakwambia Kiswahili hakina maneno.

Hakina maneno? Neno usukani lenyewe lilitoka majini. Ulikuwa usukani wa chombo kabla magari hayajazaliwa, na wahenga hawakungoja kamati ili waupachike kwenye gari. Rubani alikuwa mwongozaji wa meli bandarini kabla hajapanda angani. Mabaharia walikuwa na omo kwa mbele ya chombo na tezi kwa nyuma. Gari linapokataa kugeuka ingawa usukani umegeuzwa, tunaweza kusema omo limekataa. Nyuma inapoteleza nje ya kona, tezi limetoka. Najua mafundi wa Satellite watanicheka. Wao husema pua imekataa na mkia umetupwa, na kusema kweli maneno yao ni mazuri kuliko yangu. Lililo muhimu ni kwamba yapo, yana maana moja inayoeleweka na wote karakanani, na hayajaandikwa popote. Kamera hiyo ya nguzo za viti ingeweza kuyahifadhi yakiwa moto, mdomoni mwa mtu anayeyahitaji wakati huohuo.

Hapa nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wajizuie. Kijana atasema "gari yangu imeteleza". Mwache. Mtu anayeshuka gia kuingia kona hana nafasi ya kutafuta ngeli. Akisharudi darasani, achezeshe filamu, aandike masimulizi yake, na hapo ndipo "gari langu limeteleza" litakapopata mahali pake, pamoja na mjadala wa kwa nini Nairobi nzima husema vingine.

Waandalizi wa siku hizi za uwanjani nao wana kazi isiyohitaji fedha. Wanapokagua mikanda na breki kabla ya gari kuingia, wakivute kishikizo cha kamera kwa mkono, kwa nguvu, na waitafute kamba ya pili. Pasipo kamba, kamera ibaki kwa mwenye tikiti. Na shule yenye chama cha sayansi na chama cha Kiswahili, ambavyo aghalabu havisalimiani, ingeweza kuwaazima vijana hao mizunguko mitatu isiyokatwa wala kutiwa muziki: chama kimoja kihesabu picha, kingine kiandike kila neno lililosemwa tangu gari lilipoondoka hadi injini ilipozimwa, na matusi yawemo.