Tembea njia kwanza, pikipiki baadaye

Vijana wenzangu, wengi wetu hapa Bujumbura tunataka kujua moto ili tupate kula. Sawa. Lakini tunaanza vibaya: leo mtu anashika pikipiki mara ya kwanza, kesho anabeba abiria.

Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki katikati ya mji. Kazi ikabaki huku pembeni, Kinama, Buterere, kwenye udongo. Mvua ikinyesha, njia inakuwa kama uwanja wa motokrosi.

Basi tujifunze kwa watu wa motokrosi. Anayeanza anavaa kaske, anautembea uwanja kwa miguu, aone mashimo na matope. Kisha anazunguka polepole, anawaacha wenye mbio wapite, hakati njia yao ghafla. Macho yanatazama mbali, si gurudumu. Kwenye matope, freni ya mbele haikamatwi kwa nguvu.

Na ninyi wa mashirika: mkitupa moto bila kaske na bila wiki za mazoezi, hamjatusaidia. Mkimbizi akivunjika mguu, nyumba nzima inalala njaa.

Ni heri uanguke uwanjani peke yako kuliko uanguke barabarani na mama wa watu nyuma yako.