Maadili ya uuguzi yafundishwe wodini

Ebola ilipofika Goma, Kongo, Julai 2019, Rugerero, upande wa pili wa mpaka nchini Rwanda, ilikuwa imejiandaa. Kituo cha kutibia wagonjwa kilikuwa tayari, na watumishi wa afya wa mpakani walishaanza kuchanjwa tangu Aprili. Ugonjwa haukuvuka. Homa ya Marburg haikutoa nafasi hiyo. Septemba 2024 ilitangazwa nchini Rwanda, ikaambukiza watu 66 na kuua 15. Wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya.

Kusimama kando ya mgonjwa wa maradhi kama hayo hakufundishwi kwa kukariri. Mwanafunzi anaweza kutaja heshima, huruma na kutunza siri akapata alama zote za mtihani. Kesho yake wodini anamwona muuguzi mzoefu akimfokea mama mwenye uchungu, au akitangaza majibu ya damu mbele ya wagonjwa wengine. Ataiga alichokiona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kufundisha maadili wodini kusingoje. Tangu 2021 Rwanda inafundisha uuguzi msaidizi katika sekondari, na tangu 2023 imekusudia kuongeza watumishi wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Lengo ni jema, kwani upungufu upo. Ila wanafunzi wakiongezeka na waelekezaji wakabaki walewale, nani atapata muda wa kumwonyesha kijana kwamba pazia huvutwa kabla ya kumfunua mgonjwa? Nani atamfundisha kuwa anayetoka Goma akiongea Kiswahili anastahili maelezo na subira sawa na jirani wa Rugerero anayeongea Kinyarwanda?

Tunashauri mambo matatu. Muuguzi anayelea wanafunzi apunguziwe wagonjwa na alipwe posho kwa kazi hiyo. Mwenendo wa mwanafunzi wodini upewe alama, na anayeshindwa arudie, kama anavyorudia akikosea dozi. Na glavu, sabuni na maji visikosekane: haifai kumdai kijana moyo wa kujitoa huku mwajiri ameshindwa kumkinga.

Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga waanze na la kwanza. Pasipo muuguzi wa mfano, mwenye muda wa kufundisha, somo la maadili litabaki kwenye daftari.