Neno la Mhariri: Historia ya Gombe Imeandikwa kwa Kiswahili

Tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofariki dunia Oktoba 2025, Hifadhi ya Gombe mkoani Kigoma imesimuliwa kama kisa cha mtu mmoja na sokwe wake. Nao baadhi ya wanahistoria wetu wanarudia dai ambalo toleo hili linalipinga: kwamba misitu ya Kigoma haina kumbukumbu ila za wakoloni, yaani amri ya misitu ya Wajerumani ya 1904, majalada ya Waingereza na Kitabu cha Wilaya.

Majalada hayo yana thamani, na makala ya kwanza inayachambua kwa umakini. Lakini karani wa serikali alimwona mkazi wa ufukweni pale tu alipokata mti, alipofyeka shamba au alipotakiwa kuhama. Msitu wenyewe aliuona kwenye ramani.

Madaftari ya Gombe yaliandikwa na watu waliokuwa ndani ya msitu. Tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliteka vijana wanne wa kigeni waliokuwa kwenye utafiti. Wageni wakaondoka, kazi ikaendelea. Watanzania waliokwisha kujifunza kufuatilia sokwe, wakiwemo Hilali Matama, Eslom Mpongo na Hamisi Mkono, waliendelea kupanda mabonde ya Kakombe na Kasakela na kuandika kwa Kiswahili: saa ngapi, wapi, nani yuko na nani, wanakula nini. Matama ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, madume wa kundi la sokwe la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi jirani, shambulio la kwanza katika vita vya sokwe ambavyo wanasayansi duniani kote wanavijadili hadi leo.

Wapo wanaosema hiyo ni sayansi ya wanyama, si historia ya msitu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayeandika kila siku sokwe amekula tunda gani na katika bonde lipi anaandika pia mti gani umezaa na mwezi gani. Hakuna bwana misitu aliyewahi kukagua hifadhi yoyote ya mkoa huu kwa ukaribu huo. Vilima vya nje ya hifadhi vilipokuwa vimebaki vipara, na mradi wa TACARE wa kurudisha miti ukaanza mwaka 1994, swali la miti ipi irudishwe lilikuwa na sehemu ya majibu ndani ya madaftari hayo.

Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zimetunzwa na kutafsiriwa katika vyuo vikuu vya Marekani, vikiwemo Minnesota na Duke. Utunzaji huo umeziokoa, nasi tunaushukuru. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa Kigoma yanastahili kusomwa Kigoma.

Makala ya pili inahusu Watongwe walioondolewa Mahale kabla hapajawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ya tatu inapima misitu ya vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002.

Ombi letu ni moja. Wanaoyatunza madaftari, pamoja na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, waweke nakala kamili Kigoma, mahali ambapo mwanafunzi wa Ujiji na mzee wa Mwamgongo wataingia na kusoma bila kibali cha utafiti. Na majina ya walioandika yawekwe kwenye jalada la kila daftari.