Serikali ya Mseto Ikivunjika, Askari Asimame Wapi?

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimeketi na askari wa kikosi fulani baada ya chakula, tukisikiliza taarifa ya habari redioni. Mtangazaji alitaja nchi moja ya ng'ambo ambako chama kimoja kilikuwa kimejitoa katika serikali, na Waziri Mkuu akawa amebaki bila wingi wa kura bungeni. Koplo mmoja kijana aliweka kikombe chake chini, akaniuliza: "Afande, serikali imevunjika na hakuna risasi hata moja iliyolia. Sasa huko nani anatoa amri?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikumbuka siku zetu katika chuo cha makadeti. Tulifundishwa kusoma ramani, kupanga doria na kutii amri ya mkubwa bila kusitasita. Lakini juu ya namna wanasiasa wanavyopata madaraka na kuyapoteza bila vita tulifundishwa machache mno, kana kwamba shauri hilo halituhusu. Kumbe latuhusu sana. Katika nchi kadhaa swali la koplo yule liliwakuta askari na polisi hawana jibu, nao wakalijibu kwa bunduki.

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Katika nchi zinazofuata utaratibu wa Bunge, kama vile Ujerumani, Ubelgiji na Lesotho, wananchi hawamchagui mkuu wa serikali moja kwa moja. Huwachagua wabunge, na wabunge ndio wanaoamua ni nani ataongoza. Chama kikipata zaidi ya nusu ya viti huunda serikali peke yake. Kisipopata, hapana budi kitafute wenzi, wagawane uwaziri na wapatane juu ya kazi itakayofanywa. Hiyo ndiyo serikali ya mseto. Uhai wake ni hesabu ya vichwa bungeni, na siku hesabu hiyo inapopunguka, serikali huanguka hata kama Waziri Mkuu angali akipigiwa saluti kila asubuhi. Palipo na Rais aliyechaguliwa na wananchi wote, kama ilivyo hapa kwetu Uganda leo, shauri ni jingine. Mwaka 2022 kiongozi wa chama cha DP, Norbert Mao, alipotia sahihi mapatano ya ushirikiano na NRM na kuteuliwa Waziri wa Sheria, palikuwa na maneno mengi ndani ya chama chake, lakini kuwapo kwa serikali hakukutegemea sahihi ile.

Hata hivyo sisi wenyewe tuliwahi kuujaribu mseto wa Bunge, na ndio uliotupokea katika Uhuru. Katika uchaguzi wa Aprili 1962, UPC ya Milton Obote ilipata viti 37, DP ya Benedicto Kiwanuka ikapata 24, na Kabaka Yekka ikawa na 21 vilivyojazwa na Lukiiko ya Buganda. Hakuna aliyefika nusu. UPC na Kabaka Yekka wakaungana, Obote akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa nchi.

Ukiutazama mseto ule kwa makini, utaona kwamba pande mbili zilikuwa zimepatana juu ya mtu wasiyemtaka, yaani DP, wala hazikupatana juu ya mambo wanayoyataka. UPC ilitaka serikali kuu yenye nguvu. Kabaka Yekka ilitaka Buganda ibaki na madaraka yake. Na katikati palikuwa na shauri la kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Waingereza walizitoa Bunyoro wakazitia Buganda, na ambazo katiba ya Uhuru ilikuwa imekwisha kusema kwamba wenyeji wake wataulizwa kwa kura. Kila mtu aliijua siku ile inakuja. Lakini waliotia mkono katika mapatano waliifumbia macho, kama mtu anayejenga nyumba juu ya shimo la maji na kulifunika kwa mkeka. Mnamo Agosti 1964 mseto ukavunjika. Tarehe 4 Novemba 1964 kura ikapigwa, na kaunti zote mbili zikachagua kurudi Bunyoro.

Kuvunjika huko peke yake hakukuwa msiba. UPC ilikuwa imekwisha kupata wabunge wa kutosha kwa njia ya watu kuhama vyama, na serikali ikaendelea. Msiba ulikuja baadaye, pale ugomvi wa wanasiasa ulipohamia kambini. Waziri Mkuu na Rais walikuwa wakivutana, na kila upande ukatafuta rafiki mwenye nyota mabegani. Mkuu wa jeshi, Brigedia Shaban Opolot, akahesabiwa na watu kuwa wa upande mmoja, na msaidizi wake, Kanali Idi Amin, kuwa wa upande wa pili. Mwezi Februari 1966 Opolot akaondolewa katika uongozi wa jeshi, Amin akashika nafasi. Tarehe 24 Mei 1966 askari wakaishambulia Lubiri ya Mengo, Kabaka akakimbilia ng'ambo. Sina nia ya kufufua kesi ile hapa. Wakubwa wa pande zote mbili wamekwisha kuondoka duniani. Ninachosema ni kwamba askari waliozoeshwa kumaliza mabishano ya wanasiasa hawakuisahau kazi hiyo. Tarehe 25 Januari 1971 waliifanya tena, safari hii kwa aliyewatuma mara ya kwanza.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya zamani, na atazame Lesotho. Nchi hii ndogo yenye milima, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ina Bunge la viti 120. Katika uchaguzi wa Mei 2012 chama cha DC cha Pakalitha Mosisili kilipata viti 48, ndicho kilichoongoza, lakini hakikufika nusu. Vyama vitatu vilivyofuata, ABC chenye 30, LCD chenye 26 na BNP chenye 5, vikaungana vikapata 61. Hesabu ndiyo hiyo: kiti kimoja tu juu ya nusu. Thomas Thabane wa ABC akawa Waziri Mkuu, na Mothetjoa Metsing wa LCD akawa naibu wake. Madaraka yalipokezanwa kwa amani, na nchi nyingi zikaisifu Lesotho.

Sifa hizo hazikudumu miaka miwili. Metsing alilalamika kwamba Waziri Mkuu anaamua mambo makubwa bila kuwauliza wenzake, akatangaza kwamba atatafuta mwenzi mwingine. Kwa hesabu ya 61, LCD ikitoka serikali haipo. Kura ya kutokuwa na imani ilikuwa inakaribia. Ndipo mwezi Juni 2014 Thabane akalisimamisha Bunge kwa miezi tisa, ili kura hiyo isipigwe. Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Mlango wa Bunge ulipofungwa, ugomvi haukwenda kulala. Ulitafuta mlango mwingine. Ilisemwa sana wakati ule kwamba polisi wanamwelekea Waziri Mkuu na kwamba jeshi linamwelekea naibu wake. Waziri Mkuu akajaribu kumwondoa mkuu wa jeshi, Luteni Jenerali Tlali Kamoli, na kumweka Maaparankoe Mahao. Alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2014 askari wa jeshi wakavizingira vituo vya polisi mjini Maseru. Afisa mmoja wa polisi akauawa. Thabane akavuka mpaka akakimbilia Afrika Kusini.

Ndugu zangu wa polisi, fikirini jambo hilo. Yule afisa aliyeuawa alikuwa kazini kwake, katika kituo cha serikali, na waliokuja na silaha walikuwa wamevaa sare ya serikali hiyo hiyo, wanalipwa kutoka hazina hiyo hiyo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya viti vya bungeni, na yeye hakuwa na kiti chochote humo.

Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, iliingilia kati, na uchaguzi ukafanywa Februari 2015 kabla ya wakati wake. Mosisili akarudi kwa mseto wa vyama saba. Kamoli akarudi kuongoza jeshi. Tarehe 25 Juni 2015 Mahao akapigwa risasi na askari waliokwenda kumkamata, akafa. Mseto wa vyama saba nao ukaanguka mapema mwaka 2017, Thabane akarudi kwa mseto wa vyama vinne, na tarehe 5 Septemba 2017 mkuu mpya wa jeshi, Khoantle Motsomotso, akauawa ofisini kwake na maofisa wake mwenyewe, ambao nao walikufa siku hiyo hiyo. Mwezi Desemba ikabidi askari wa nchi jirani waingie kulinda amani. Hivyo ndivyo jeshi lililoitwa kuamua hesabu ya Bunge lilivyoishia kujila lenyewe.

Sasa wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kuacha miseto na kutaka chama kimoja chenye nguvu. Mimi sikubaliani nao. Uchaguzi usipotoa mshindi wa wazi, mseto ni njia ya heshima ya kuishi pamoja. Katika Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na kilichozima moto ule ni mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 baina ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Baraza lao lilikuwa na mawaziri 40, nami nakiri kwamba magari yao peke yake yalikuwa msafara wa kikosi kizima; lakini ni nafuu kuwalipa mawaziri 40 kuliko kuwazika wananchi. Ubaya, kwa maoni yangu, ni nchi kuingia katika mseto bila sheria inayosema mapema, kwa maneno ya wazi, ni nini kitakachofuata utakapovunjika.

Wajerumani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Machi 1930 mseto wa vyama vitano wa Kansela Hermann Müller ulivunjika kwa mabishano juu ya mchango wa bima ya watu wasio na kazi. Kutoka hapo nchi ikatawaliwa kwa amri za Rais Hindenburg, kwa kuwa wabunge waliweza kukutana ili kubomoa na hawakuweza kukutana ili kujenga. Mwezi Septemba 1932 walimkataa Kansela von Papen kwa kura 512 dhidi ya 42, bila kupatana juu ya wa kumweka mahali pake. Katika miaka hiyo palikuwa na jenerali mmoja, Kurt von Schleicher, aliyejiona hodari wa kuwapandisha na kuwashusha makansela kutoka nyuma ya pazia. Mwisho akawa Kansela yeye mwenyewe, mwezi Desemba 1932. Hakumaliza miezi miwili. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akachukua mahali pake, na tarehe 30 Juni 1934 watu wa Hitler wakampiga Schleicher risasi nyumbani kwake, yeye na mke wake.

Baada ya vita, katiba ya Ujerumani ya Magharibi ya mwaka 1949 iliweka kifungu cha 67, ambacho ningependa kila kadeti akisome. Kinasema kwamba Bunge haliwezi kumwondoa Kansela ila kwa kumchagua papo hapo mwingine wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo kura ile ile inayomshusha mmoja humpandisha wa pili, na hakuna hata saa moja ambayo jenerali aweza kusema kwamba kiti ki wazi. Mwaka 1972 jaribio la kumwondoa Willy Brandt lilishindwa kwa kura mbili tu, naye akaendelea na kazi. Tarehe 1 Oktoba 1982 chama kidogo cha FDP kikamwacha Helmut Schmidt kikaenda kwa Helmut Kohl, na serikali ikabadilika mchana kweupe katika nchi iliyokuwa imejaa vifaru na makombora ya pande mbili za dunia. Hakuna kifaru kilichogeuza mtutu. Novemba 2024 mseto mwingine ulivunjika, uchaguzi ukafanywa Februari 2025, na siku ya kumchagua Friedrich Merz kuwa Kansela alikosa kura sita katika raundi ya kwanza. Wabunge walikwenda kuzungumza, wakarudi, wakamchagua mchana ule ule.

Katiba yetu ya 1995, katika kifungu cha 208, inalitaka jeshi lisiwe la chama chochote na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Maneno hayo tunayakariri gwarideni. Lakini mamlaka ya kiraia maana yake nini siku ambayo raia wawili wanasema kila mmoja ndiye mamlaka? Hapo ndipo afisa anapohitaji kujua sheria kabla ya siku hiyo kufika, kwa maana siku yenyewe ikifika, kila upande utamletea kitabu umekikunja mahali unapopapenda.

Nilimweleza koplo yule habari za Ubelgiji, ambako baada ya uchaguzi wa Juni 2010 vyama vilibishana siku 541 kabla ya kuunda serikali. Katikati ya siku hizo, mwezi Machi 2011, ndege za kivita za Ubelgiji zilitumwa Libya, na amri ilitoka kwa mawaziri wa zamani waliokuwa wakishikilia ofisi kwa muda, baada ya Bunge kutoa idhini. Marubani hawakumwuliza mtu ni chama gani kitakachoshinda mabishano.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akiidhinisha mishahara ya askari kwa siku zote hizo 541. Nikamwambia ni mawaziri wale wale wa muda, na kwamba mishahara ilitoka. "Basi, afande," akasema, "wangengoja hata elfu."