Pikapu Isiyotaka Kuchunguzwa Isinunuliwe

Kuna dhuluma hapa Kisauni, Mombasa, ambayo tumeizoea hata haituudhi tena, nami nataka ituudhi. Mkulima wa Mwakirunge, mwenye minazi yake, miembe, muhogo na matuta ya mchicha, anaishi ng'ambo tu ya maji kutoka Kilindini, bandari inayoshusha magari ya mitumba ya Kenya nzima na mengine ya kupitishwa kwenda Uganda na Sudan Kusini. Huko Miritini, upande wa pili wa kisiwa, kipo kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kinachounganisha pikapu za Land Cruiser. Wakulima wachache katika nchi hii wako karibu hivyo na mahali magari yanakotokea. Hata hivyo, akiuza kipande cha ardhi ya urithi au akakopa ili apate pikapu ya kupeleka mavuno kwenye soko la Kongowea, mara nyingi anachorudi nacho nyumbani ni mkweche uliopakwa rangi.

Watu husema ana bahati mbaya. Mimi nakataa. Anauziwa gari ambalo maisha yake yamefichwa kwa makusudi, katika soko linalompa muuzaji kila siri na kumwachia mnunuzi macho yake tu, na serikali inayojua mengi kuhusu gari hilo imenyamaza.

Mavuno ya hapa hayajui kungoja. Mchicha uliokatwa alfajiri, jua la saa nne likiukuta njiani, umeshanyauka. Maembe yaliyoiva hayalali barabarani siku mbili. Asiye na gari hulipa bodaboda na tuktuk safari baada ya safari, au humsubiri mchuuzi mwenye lori aje shambani na bei yake mkononi, na bei hiyo haibishaniwi kwa sababu mchuuzi anajua kuwa mzigo hauna njia nyingine ya kutoka. Mkulima anapoamua kununua pikapu ananunua uhuru wa kufika sokoni kwa wakati wake na kuuza kwa bei yake. Ndiyo maana anayemuuzia mkweche kwa uongo anamrudisha mikononi mwa yule yule mchuuzi, safari hii akiwa na deni juu.

Nianze na jambo ambalo madalali hawalisemi. Sheria ya Kenya inataka gari la mtumba linaloingia lisizidi miaka 8, liwe la usukani wa kulia, na likaguliwe huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Magari mengi ya namna hiyo hutoka Japani. Lakini Japani si chimbuko la pikapu. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini humo mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017, na ile iliyorudi ilikuwa double cab iliyoundwa Thailand. Kwa hiyo kwa miaka mingi melini zilishuka Probox, gari lililoundwa kwa ajili ya watu wa mauzo wa mijini huko Japani, ambalo wakulima wetu wamelitwika magunia kwa kukosa lingine. Pikapu ya kweli ya kazi, yenye kabini moja na bodi refu la nyuma, mara nyingi iliunganishwa hapa hapa Kenya, Miritini au Nairobi, ikauzwa mpya kwa kampuni, shirika au serikali, ikatumikishwa, kisha ikaingia mnadani. Ndiyo inayofika kwa dalali.

Hapo ndipo uovu unapoanza. Gari lililotoka ng'ambo lilikaguliwa walau mara moja na likaja na karatasi yake. Pikapu iliyoishi hapa nchini miaka 12 inakuja mikono mitupu. Ilikuwa ya mjenzi aliyeipakia kokoto kupita kiasi? Ilibeba chumvi kutoka Marereni? Ilibeba samaki na barafu, maji ya chumvi yakichuruzika kila siku kwenye chasisi? Iliwahi kupinduka? Mita inasema kilomita 90,000; nani aliyeiandika? Muulize muuzaji, atakwambia ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akienda nayo mjini mara moja kwa juma. Kila pikapu iliyochoka ina mzee wake wa namna hiyo.

Lakini serikali inaijua pikapu hiyo. Ndilo linaloniwasha. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mwenye pikapu hutozwa kodi ya awali, shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wake wa kubeba au shilingi 5,000 kwa mwaka, kiasi chochote kilicho kikubwa. Sheria hiyo hiyo imeliondoa trekta la shambani kwenye kodi hiyo, na nasema ni vyema. Lakini mkulima mdogo wa Kisauni hana shamba la kuzungushia trekta. Trekta lake ni pikapu, na pikapu inalipa. Basi kila mwaka gari linapelekwa mbele ya mkaguzi, linatazamwa breki, taa, tairi na chini yake. Kila mwaka serikali inapata fursa ya kuandika mita imesoma ngapi. Kisha gari linapouzwa, mnunuzi anayetafuta rekodi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, analipa shilingi 550 na kupata jina la mwenye gari, namba ya injini, namba ya chasisi, na kama kuna benki inayolidai. Hizo ni habari muhimu, na ole wake anayenunua bila kuzitafuta. Ila kilomita hazimo. Yale aliyoyaona mkaguzi hayamo. Macho ya serikali yalilitazama gari hilo mwaka baada ya mwaka, na mkulima anayetaka kulitilia akiba yake yote haambiwi neno.

Uingereza, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuandika namba ya gari na bila kulipa chochote akaona majibu ya ukaguzi wake wa kila mwaka: lilipita au lilianguka, lilianguka kwa nini, na siku hiyo mita ilisoma ngapi. Ukirudisha mita nyuma, umma mzima unakuona. Haihitaji akili kubwa wala mtambo mpya. Inahitaji mkaguzi aandike tarakimu sita na mkubwa wake aamue kwamba tarakimu hizo ni mali ya wananchi. Kenya tumehamishia huduma chungu nzima kwenye simu. Tuliweza kuhamisha malipo kwanza. Sasa tuhamishe na ukweli.

Wala sidai hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na kile alichokinunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hakuna mahali kilipoandika kwamba haki hizo zinakoma kwenye lango la yadi ya magari. Wenye yadi husema mtumba ni mtumba, kwamba anayetaka uhakika aende akanunue gari jipya. Hiyo ni kauli ya mtu aliyezoea kutoulizwa. Gari kuukuu linaweza kuuzwa kwa haki kama kitu kingine chochote kikuukuu: useme limetembea kiasi gani, limegongwa wapi, limebadilishwa nini, kisha bei ifuate ukweli. Wapo wauzaji wanaofanya hivyo, nao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu bei yao ya kweli inasimama kando ya bei ya uongo na kuonekana ghali.

Nasi wanunuzi tumewasaidia waongo. Tumejifundisha kununua herufi ya kibao cha namba. Mtu anaulizia pikapu na neno la kwanza kinywani ni kama ina namba D. Herufi hiyo inasema gari liliandikishwa lini Kenya, haisemi liliundwa lini wala limefanya kazi gani. Gari lililoundwa 2014 likaingia 2021 lina D yake safi, na kando yake kuna Isuzu yenye C, iliyonunuliwa mpya hapa na kutunzwa na dereva mmoja, inayodharauliwa na kila apitaye. Tunapokwenda kununua mbuzi wa Idi tunamfungua kinywa tumhesabu meno, tumshike mgongo, tumtembeze tuone kama anachechemea, hata kama mwenyewe ni jirani yetu. Kwenye gari la laki saba tunaona haya kulala chini.

Lala chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na pikapu ya Pwani uovu wake wote uko mvunguni. Hewa yetu ina chumvi, na chuma kinajua. Tazama chasisi nyuma ya kabini na mahali springi zinaposhikiliwa. Hapo kutu hula kutoka ndani, na rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari la miaka 12 ni sababu ya kuongeza shaka. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Hesabu majani ya springi: yaliyoongezwa yanakuambia mengi zaidi kuhusu mizigo iliyobebwa kuliko muuzaji atakavyokuambia. Nenda asubuhi, kabla hawajaliwasha, ushike boneti kwa mkono. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika imepashwa kwa ajili yako. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka utazame kama inapumua moshi. Fungua rejeta, injini ikiwa baridi, uangalie kama maji yana mafuta. Kisha omba jambo ambalo karibu hakuna anayeliomba: lipakiwe magunia, likwee mlima na mzigo. Pikapu tupu barabara ya lami ya Nyali haikuambii lolote kuhusu pikapu iliyojaa nazi kwenye matope ya Mwakirunge mwezi wa Mei.

Na fundi awe wako. Aliyeletwa na dalali analipwa na dalali, hata akiapa.

Kuhusu injini nina msimamo, na najua mafundi wengine watanibishia. Dizeli za kisasa zenye nozeli za shinikizo kubwa zina nguvu na hazili mafuta mengi, lakini zinataka dizeli safi. Sisi tuko katika nchi ambako wizi wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ulikithiri hata serikali, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzima. Nozeli zikiharibika, bili yake inaweza kumeza faida ya msimu mzima. Kwa shamba dogo, injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, kama 4JA1 ya Isuzu au 5L ya Toyota, bado ni mwenzi bora: ina kelele, haina mbio, lakini fundi wa Mtopanga anaijua na vipuri vyake vinapatikana. Na achana na double cab. Ile ni viti vya watu vilivyokula nafasi ya mzigo, na bei yake inapandishwa na wanaoitaka kwa fahari. Nazi hazipandi kwenye viti.

Lakini sitaki mtu asome aya hizo akadhani dawa ni mkulima kuwa mjanja zaidi. Hapana. Mama aliyetumia maisha yake kulima hakuwahi kufundishwa kusoma chasisi, na hapaswi kupoteza akiba yake kwa sababu hiyo. Ujanja wa mnunuzi ni kinga ya leo tu. Dawa iko kwa wenye mamlaka, nami nawataja wazi. NTSA iandike mita ya kila gari la biashara katika kila ukaguzi, na iyaweke majibu ya ukaguzi kwenye rekodi ile ile tunayoilipia shilingi 550. Wizara ya Fedha ipeleke bungeni msamaha wa kodi ya awali kwa pikapu moja ya mkulima mdogo, kama ilivyosamehewa trekta. Kaunti ya Mombasa, inayotoza ushuru Kongowea kila siku ya Mungu, itenge sehemu yenye shimo la ukaguzi ambapo mnunuzi ataleta gari likatazamwe na fundi asiyekula kwa muuzaji. Hatuna upungufu wa vijana waliosomea mitambo, Tudor pale kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na mbunge wa Kisauni na wawakilishi wa wadi waulizwe habari hii hadharani wakija kuomba kura, kwa majina ya idara na kwa tarehe, wasiachiwe wajibu kwa salamu.

Wakati tunasubiri, silaha moja iko mikononi mwetu tayari. Muuzaji akikataa gari liinuliwe kwa jeki, akikataa fundi wako, akikataa lipakiwe mzigo, akikuharakisha utoe arubuni kwa kuwa kuna mteja mwingine yuko njiani, basi ameshakujibu. Usitoe hata shilingi. Mwambie sababu mbele ya watu waliopo, uondoke, na umwambie jirani yako naye asiende pale.