Mavazi ya Kiasi Si Unyonge

Apandaye Mgeta kutoka Morogoro mjini hulakiwa kwanza na baridi. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu huifunika milima ya Uluguru asubuhi, na hapo nguo hutambulikana kwa kazi yake. Mkulima wa kabichi na karoti huvaa shati la pamba na sweta zito juu yake. Jua likichomoza, sweta hulifunga kiunoni akaendelea kulima. Hajapungukiwa na heshima.

Lakini siku hizi imeenea desturi ya sare za sherehe. Kila harusi ina kitambaa chake na rangi yake, na kitenge cha mwezi uliopita huonekana hakifai tena. Fedha za mboga zilizouzwa sokoni Nyandira, ambazo zingenunua mbegu au sare ya mtoto ya shule, huishia kwa fundi cherehani. Wengine hukopa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hatusemi amri itolewe. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na wanawake wakabughudhiwa mitaani. Kiasi hakiletwi kwa fimbo. Mwalimu Nyerere aliwafunza wengi zaidi kwa suti yake nyepesi isiyo na tai kuliko vijana wale kwa vitisho vyao.

Wala tusichanganye kiasi na uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika madukani, mwenye shati moja hakuwa amechagua. Leo mitumba imejaa kila gulio. Kwa hiyo kipimo hakina budi kutoka ndani yetu wenyewe.

Kipimo chenyewe si kigumu. Nguo iwe imara, imkae mwilini mvaaji, ifuliwe na kupigwa pasi, ishonwe mapema inapofumuka. Rangi zipatane, ili nguo chache zivalike kwa namna nyingi. Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji somo hili: doti moja ya kanga ina vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda, nayo humfaa mama jikoni, arusini na matangani, na hata kumbeba mtoto mgongoni.

Kwa viongozi tunasema wazi. Afisa anayekwenda Mgeta kwa suti ya thamani na viatu vya kung'aa ataishia barabarani, kwa kuwa mashamba yako juu, kwenye miteremko yenye utelezi. Avae viatu vya kupandia na sweta, awafuate wakulima waliko. Na akialikwa arusini, aende na nguo yake safi ya siku zote. Mwananchi akimwona mkubwa hakuvaa sare, naye atathubutu kutokopa.